Chupa Ina Namba, Mvunaji Hana Jina

Kuna kijiji kinaitwa Barolo, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye vilima vya Langhe. Hata kama jina hulijui, picha zake umeziona: ngome ya kale, mapaa mekundu, mizabibu imepangwa mistari kama nywele zilizosukwa, ukungu wa asubuhi umelala bondeni. Msimu wa mavuno ukifika video zake hujaa kwenye simu zetu, na chini yake vijana wa Nairobi wanaandika, "Mungu nikumbuke na mimi." Hiyo picha imekatwa, wasee. Na aliyekatwa ni mtu anayefanana na sisi.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Divai ya Barolo si mchezo. Inatengenezwa kwa zabibu aina moja tu, Nebbiolo, na ni lazima ziwe zimekuzwa ndani ya wilaya 11 ndogo zinazotajwa na sheria. Kabla ya kuuzwa inakaa miezi 38, na 18 kati ya hiyo ni ndani ya pipa la mbao. Kila chupa hubandikwa utepe wa serikali wenye namba yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka mizabibu ya eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hekta moja ya shamba zuri sasa inauzwa zaidi ya yuro milioni 1, katika kijiji chenye wakazi wasiofika 1,000.

Lakini huu utajiri ni wa juzi. Mwaka 1954 Beppe Fenoglio, mwandishi wa Alba, mji ulio hapo karibu, alichapisha *La malora*, hadithi ya kijana wa Langhe anayepelekwa na wazazi wake kuwa mtumishi kwenye shamba la watu kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Mwaka 1977 Nuto Revelli alichapisha *Il mondo dei vinti*, kitabu cha masimulizi ya wakulima wa mkoa huohuo wa Cuneo: njaa, madeni, watoto wa kukodishwa, watu kuhamia Ufaransa kutafuta riziki. Kwa hivyo wazee wa vilima hivi hawahitaji semina kuhusu umaskini. Ni historia ya nyumbani kwao.

Halafu kuna mwaka 1986. Huko Narzole, kilomita chache kutoka Barolo, wafanyabiashara walitia methanoli kwenye divai ya bei rahisi ili kuipandisha nguvu. Watu takriban 20 walikufa na wengine wakapofuka. Italia ilitikisika. Wanunuzi wa nje walikimbia, sheria zikakazwa, ukaguzi ukaongezwa. Somo liliingia: jina likichafuka, kijiji kizima kinalala njaa. Leo ukishika chupa ya Barolo unaweza kufuatilia imetoka kwa nani, mwaka gani, mara nyingi hata mteremko gani.

Sasa niulize: mbona hufuatilii mkono uliochuma?

Kwa sababu miteremko ile huchumwa kwa mkono. Na mikono mingi ni ya wageni: watu wa Makedonia Kaskazini, wa Bulgaria, na sasa vijana wa Kiafrika. Julai 2024 polisi wa Cuneo walitangaza uchunguzi kuhusu manyapara waliodaiwa kuwatumikisha wahamiaji kwenye mizabibu ya Langhe kwa malipo duni, na kuwapiga wakilalamika. Hapo ndipo penye urithi wa dunia, sio gizani mahali.

Si ati sheria haipo. Julai 2015 mwanamke Mwitaliano wa miaka 49 alikufa akifanya kazi kwenye zabibu huko Puglia, kusini, kwa ujira wa takriban yuro 2 kwa saa. Kifo chake kilisukuma sheria namba 199 ya 2016, inayomfunga nyapara na pia mwajiri anayemtumia, mwaka 1 hadi 6, na 5 hadi 8 kukiwa na vurugu au vitisho. Lakini sheria huja baada ya kipigo.

Najua mtaniambia si kila mkulima ni mbaya. Kweli kabisa. Wapo wanaoajiri moja kwa moja na kulipa vizuri. Shida ni mnyororo: mkulima analipa kampuni ya vibarua, kampuni inampa nyapara, nyapara anamwachia kijana makombo. Yeyote aliyewahi kubeba karai mjengoni anaijua hesabu hiyo. Kila mtu juu ana risiti safi, na hakuna anayejua chochote.

Wengine watasema afadhali huyo kijana apate hizo yuro kidogo kuliko kukaa bure. Zii. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa mtoto wa Langhe aliyekodishwa: shukuru, angalau unakula. Hakuna mtu Barolo leo anayetamani mjukuu wake arudi huko. Kama haikuwa sawa kwake, haiwezi kuwa sawa kwa mtoto wa Bamako.

Sisemi tususie divai yao. Wengi wetu hata hatuwezi kuinunua. Nasema tangu 2014 Italia ina orodha ya mashamba yanayothibitisha kuwa yanafuata sheria za kazi, lakini kujiunga ni hiari. Iwe lazima. Asiyekuwa kwenye orodha asipewe ule utepe wenye namba. Serikali inayoweza kuhesabu miezi ya divai ndani ya pipa haishindwi kuhesabu saa za mtu juani.

Na sisi huku, video ikipita tena, tupunguze "Mungu nikumbuke". Tuandike swali moja tu: nani alichuma, na alilipwa ngapi?