Bwawa Likitibuka

Mwenye kijibwawa cha sato nyuma ya nyumba akiona maji yake hayaonyeshi chini, hushtuka, akaita watoto na ndoo, akayamwaga yote. Yafaa angoje kidogo. Maji mazito si lazima yawe mabaya. Kwanza tazama rangi yake.

Yakiwa ya kijani, hicho ni chakula: ni mimea midogo mno, nao sato huila. Tia mkono majini mpaka kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Ukikiona kiganja kwa taabu tu, maji ni mazuri. Lakini kikipotea kabla kiwiko hakijaloa, kijani kimezidi, na hapo ndipo penye hatari. Mchana mimea ile hutoa hewa safi. Usiku nayo huivuta, ikawapunja samaki. Ndiyo sababu hufa alfajiri, na mwenyewe akaanza kumshuku jirani kwamba ametia sumu! Nenda ukatazame kabla ya jua kuchomoza. Ukiwakuta wanatweta juu ya maji, midomo wazi, basi acha samadi, acha pumba, toa theluthi ya maji na utie mapya, ukiyamwaga toka juu ili yachanganyike na hewa.

Ziwa letu nalo limezidiwa na rutuba itokayo mashambani na mijini. Mwaka 1997 wataalamu waliochunguza furu wa Ziwa Viktoria walieleza kwamba maji yakitibuka, majike hushindwa kuzitambua rangi za madume wa aina yao, na hivyo aina huchanganyika.

Je, maji yakiwa rangi ya udongo? Jaza chupa nyeupe, uiache usiku kucha mahali pasipotikisika. Asubuhi tope likiwa limetua chini, basi kuna anayelitibua bwawa kila siku: ng'ombe wanaoingia kunywa, bata, kambare wanaofukua, au wanao mwenyewe. Weka uzio, na upande nyasi kingoni ili mvua isishushe udongo. Lakini chupa ikiwa bado na ukungu, huo ni udongo mwororo wa mfinyanzi, nao hautui wenyewe. Chokaa ya shambani husaidia chembe zake kushikamana na kuzama; itie kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Nyasi kavu pia husaidia, ila zikizidi huoza na kula hewa ya samaki.

Maji ya kijivu yenye harufu ni kosa la mlishaji. Pumba isiyoliwa huoza. Toa chakula kitakachoisha kwa robo saa, basi.

Na wewe wa Musoma mjini unayefuga katika karo la saruji, maji ya bomba huwa na dawa ya kuulia vijidudu, nayo hudhuru samaki. Yaache kwanza katika pipa lililo wazi, juani, siku moja au mbili, ndipo uyatie.