Mjomba si Anko: Nafasi ya Mshairi katika Katuni za Kichina

Ndugu zangu washairi na wapenzi wa lugha,

Jioni moja hapa Ifakara nilikaa na mjukuu wangu tukitazama katuni ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Mtoto wa kwenye katuni akamwita mgeni wao "anko". Mjukuu akanigeukia: "Babu, huyu ni mjomba wake au baba yake mdogo?" Sikuwa na jibu. Mfasiri alikwisha kulifuta.

Ajabu ni kwamba Wachina hawachanganyi hivyo. Ndugu wa kiume wa mama humwita jiujiu, mdogo wa baba shushu, na kaka wa baba bobo. Nasi tuna mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Lugha mbili zilizo mbali hivi zimeugawa ukoo kwa namna moja. Kiingereza kikaingia katikati na neno lake moja, kikaharibu.

Si jambo dogo. Kwetu bondeni, mjomba ana kauli yake katika ndoa ya mpwa, na baba mdogo ana yake. Mtoto anayewaita wote anko atajuaje nani ana wajibu gani kwake?

Kazi njema inawezekana. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Mao Doudou kwa Kiswahili, ikapendwa. Hata Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mavutano ya mke na mavyaa tunayajua, na maneno yake tunayo tele: mkwe, wifi, mwamu, shemeji.

Wako watakaosema kwamba mwigizaji ana muda mfupi: mdomo wa mhusika ukifunga, neno nalo liwe limekwisha, "baba mdogo" ni refu mno kwa shushu. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini kutia maana katika nafasi iliyopimwa si ndiyo kazi yetu? Atungaye kwa mizani 8 kila kipande halalamiki kwamba neno ni refu. Hutafuta jingine, hugeuza mpangilio, hufupisha "mwana wangu" kuwa "mwanangu". Na watoto wetu wenyewe wamekwisha kutupa "bamdogo".

Nilikuwa mtoto mafundi wa Kichina walipoijenga reli ya TAZARA kupita bonde hili la Kilombero, kati ya 1970 na 1975. Tulisalimiana nao kwa Kiswahili kile kidogo walichojifunza kwetu. Kiingereza hakikuwa mkalimani wetu.

Basi napendekeza mambo mawili. Wanaoingiza sauti wafasiri moja kwa moja kutoka Kichina, na kila chumba cha kurekodia kiwe na mshairi mwenye kalamu mkononi. Nasi washairi tuache kuzidharau katuni. Wajukuu wetu wanajifunzia humo lugha, saa nyingi kuliko wanazokaa nasi.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Ifakara