Bata Mgeni na Bata Mtoro

Wasomaji wetu, yako maneno mawili yaliyozoeleka huku Old Moshi, nasi twataka kuyapinga yote mawili. Bata asiyejulikana akionekana kando ya mfongo au bwawani, mtu mmoja husema, "Huyu ni mtoro, ametoka katika banda la mtu." Mwingine humjibu, "Sivyo, ni mgeni wa ajabu, ametoka Ulaya." Wote wawili husema kwa nguvu, wala hapana aliyetazama miguu ya ndege mwenyewe wala mabawa yake.

Neno la kwanza hudhuru upesi zaidi, maana hufuatwa na mkasi. Akiisha kuitwa mtoro, ndege hukamatwa, hukatwa manyoya ya bawa, hutiwa bandani pamoja na bata wa nyumbani. Baada ya majuma mawili kila apitaye humwona bata aliyekatwa bawa, naye husadiki kwamba alikuwa wa kufugwa tangu mwanzo. Lakini ushahidi huo umetengenezwa na yule yule aliyemshitaki. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sisi twampa kisu siku ya kwanza, kisha twajisifu kwa ukarimu!

Na tuzipime hoja zao. Husema kwanza, "Ni mpole, haogopi watu, basi ni wa mtu." Twajibu kwamba uchovu nao hufanya upole. Yuko bata mdogo aitwaye garganei, ambaye huzaa Ulaya na Asia, kisha huvuka majangwa na kuteremkia maziwa na mabwawa ya Afrika ya Mashariki, tangu karibu na mwezi wa Oktoba mpaka Machi au Aprili. Je, aliyesafiri hivyo, akifika hana nguvu za kukimbia, ndiyo hati ya kwamba ana bwana? Tena dume lake hujulikana kwa ukanda mweupe juu ya jicho. Lakini afikapo kwetu mara nyingi bado amevaa manyoya ya kahawia kama jike, hata ajuaye picha yake kitabuni aweza kumkana.

Husema tena, "Hawezi kuruka." Hoja hii nayo haitoshi. Bata wengi hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, wakakaa majuma kadhaa bila kuruka mpaka mapya yaote. Tofauti i wazi kwa mwenye kutazama: manyoya yaliyokatwa kwa mkasi yana ncha zilizonyoka, nayo yaliyopukutika huacha vichipukizi. Na kama bawa moja limekosa kifundo chake cha mwisho, na jeraha limekwisha kupona zamani, hapo kweli pana dalili kubwa ya mkono wa mfugaji.

Husema mwisho, "Ana pete mguuni." Hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa shule huko Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavika ndege wa porini pete za alumini zenye namba na anwani, akawaacha waende zao, ili ijulikane wafika wapi. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamefanya vivyo hivyo. Hata Ngulia, katika Tsavo, si mbali na mlima wetu, ndege wasafirio usiku wamevikwa pete tangu mwaka 1969. Basi pete ya mtaalamu kwa kawaida ina kiungo, maana ilifungwa juu ya mguu wa ndege mzima. Na pete ya mfugaji mara nyingi haina kiungo, maana ilipitishwa mguuni ndege akingali kifaranga. Isomeni, mwandike namba yake, kisha ndipo mseme.

Alama ya mkono wa mwanadamu si lazima iwe alama ya banda. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika uliomchoma shingoni, naye amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule haukumfanya kuwa mfugo wa mtu. Bali uliwaonyesha wataalamu wa Ulaya wapi makorongo hukaa wakati wa baridi.

Sasa twageukia wale wa neno la pili, wapendao maajabu. Bata wengi wa kufugwa duniani wametokana na bata mwitu wa kaskazini, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Na nchi yetu si mahali pake pa kawaida. Akionekana hapa, na ashukiwe kwanza kuwa ametoka bandani. Vivyo hivyo yule bata mzito mwenye uso mwekundu wenye vinundu: asili yake ni Amerika, naye hakuja kwa mabawa yake bali kwa merikebu za watu. Kumwandika huyo kuwa mgeni adimu ni kutia uongo katika hesabu ya ndege wa ziwa Jipe au bwawa la Nyumba ya Mungu.

Wala msiseme uongo huo hauna madhara. Katika miaka ya 1940 Waingereza walileta bata wa Marekani wa rangi ya kutu ili kuwafuga. Wengine wakatoroka, wakazaa. Wazao wao wakafika Hispania, wakachanganyika na bata adimu mwenye kichwa cheupe, hata uzao wake ukawa hatarini. Mwisho ikabidi kuwaua kwa maelfu. Mtoro aliyeachwa aitwe mgeni aliwaponza wenyeji.

Na mgeni aliyeitwa mfugo hupatwa na nini? Tazameni Rwanda. Korongo wenye taji walichukuliwa katika vinamasi, wakawekwa katika bustani za mahoteli na za nyumba za watu. Tangu mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake wamewatoa zaidi ya 200 katika kifungo hicho. Wengi walirudishwa porini Akagera. Lakini waliovunjwa mabawa hawakuweza kurudi, wakatunzwa Kigali. Kwa hao, kosa la mkasi halikutubika.

Basi twadai nini? Atazamwe miguu, mabawa na mkia. Iulizwe ni mwezi gani, na kama amefuatana na wenzake wa porini. Waulizwe majirani kama yuko aliyepotewa na bata. Ushahidi ukielekea banda, arudishiwe mwenyewe. Ukielekea pori, aachwe. Kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyama wa porini bila kibali. Na ushahidi usipoelekea popote, maana mtoro wa siku nyingi huota manyoya mapya, tuandike: Haikujulikana. Neno hilo si aibu kwa mtu aliyesoma. Aibu ni kukata bawa kwanza, na kuuliza baadaye.