Malezi na Nyumba: Boksi Jipya, Mnyororo Mkongwe



Wiki hii tunajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Nakuru. Ami yake watoto, aliyeko Ulaya, alimletea kijana wa nyumba hiyo boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha, ambavyo vikikamilika hutoa mfano mdogo wa kifaru cha vita. Boksi lilikuwa jipya, limefungwa vizuri, na picha yake inang'aa. Kijana alijitahidi kwa siku kadhaa, kila atokapo shule na chuoni, mpaka akafika kwenye minyororo, ile mikanda miwili inayozunguka magurudumu. Mmoja ukakatika mikononi mwake, na wa pili ukakataa kushika gundi. Tangu hapo kazi imelala juu ya kabati na kijana amenuna. Dada anauliza mambo mawili. Je, ami aliuziwa bidhaa bandia? Na je, yafaa mama aruhusu silaha ya vita, hata ikiwa ni ya plastiki, ikae nyumbani mwake?

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kilipokutana na gari hili la chuma kililiita kifaru, kwa ngozi yake nene na kwa namna linavyoshambulia bila kugeuka. Mtoto wa Nakuru ana bahati ya kuzijua maana zote mbili. Kifaru huyu anaishi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyozungushiwa ua ili kumkinga na majangili. Kifaru hiki ni mali ya jeshi, na Lanet na Gilgil, zilizo jirani, zina kambi za jeshi. Kwa hiyo kijana hachezi na jambo la mbali asilolifahamu.

Sasa swali la kwanza. Boksi linaweza kuwa jipya kabisa, na bidhaa ikawa halali kabisa, lakini kilichomo ndani kikawa na umri kumshinda ami mwenyewe. Sababu ni namna vitu hivi vinavyotengenezwa. Plastiki iitwayo polistirini huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, kisha ikatoka ikiwa fremu yenye vipande vinavyoning'inia kama matunda kwenye kikonyo. Plastiki ni rahisi. Kilicho ghali ni kalibu, kwa kuwa huchongwa kwa ustadi mkubwa, na ikitunzwa hufanya kazi kwa miongo mingi. Basi kampuni inayomiliki kalibu ya zamani huitoa kabatini, hupiga plastiki mpya, huchapa boksi jipya na kuuza tena. Huko ndiko kutolewa upya.

Chukua mfano mmoja mashuhuri, ambao si lazima uwe ndio wa boksi la dada yetu. Kampuni ya Airfix ilianzishwa Uingereza mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria. Mfano wake wa kwanza wa kuunganisha, wa mwaka 1949, haukuwa wa silaha bali wa trekta la Ferguson, mashine ambayo wakulima wa Njoro na Molo hawahitaji kuelezwa. Vifaru vilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, vidogo vya kutosha kukaa kiganjani. Kampuni ilifilisika mwaka 1981, ikachukuliwa na wengine. Mwaka 2006 mmiliki wake wa wakati huo akaanguka pia, na jina likaenda kwa kampuni ya Hornby. Wenye mali walibadilika, lakini kalibu nyingi zilibaki. Leo Airfix yenyewe hutoa mifano yake ya zamani chini ya jina Vintage Classics, yaani inasema waziwazi kuwa hii ni kazi ya enzi zile. Hapo hakuna udanganyifu. Taabu huja pale boksi linaponyamaza, na mnunuzi akadhani upya wa picha ndio upya wa vipande.

Uzee wa kalibu huonekana kwanza kwenye mnyororo. Mwili wa kifaru ni bapa na wenye pembe, hata kalibu ya miaka 60 huutoa vizuri. Mnyororo ni jambo jingine. Mnyororo wa kweli ni pingili za chuma zilizoungwa moja baada ya nyingine. Kifaru cha Kimarekani kiitwacho Sherman kina pingili 79 kila upande. Kuigiza jambo hilo katika kitu chenye urefu wa sentimita 8 au 17 si kazi ndogo, na watengenezaji wameijaribu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, ni ukanda mmoja wa plastiki laini unaopinda. Ncha zake huunganishwa kwa vijiti vidogo vinavyopita kwenye matundu, kisha vijiti hubonyezwa kwa bisibisi iliyopashwa moto. Ni rahisi kwa mtoto, lakini mara nyingi plastiki hiyo haishiki gundi ya kawaida, rangi hubanduka juu yake, na ukanda huvutika mno ukakosa ule mlegeo wa mnyororo mzito wa chuma. Njia ya pili ni vipande virefu na vifupi vya plastiki ngumu. Virefu hukaa juu na chini, na pingili mojamoja huzunguka magurudumu ya mbele na nyuma. Hivi hushika gundi vizuri. Njia ya tatu ni pingili mojamoja kwa mnyororo mzima. Hupendeza kuliko zote, na humaliza subira ya mtu mzima, seuze ya mtoto.

Ukanda laini una aibu moja zaidi. Baadhi yake umechanganywa na kemikali ya kuulainisha, na kemikali hiyo hutoka taratibu kwa miaka. Ukanda ukilala juu ya magurudumu ya polistirini ndani ya boksi, unaweza kuyayeyusha yakawa kama sabuni iliyoroweshwa. Ndiyo maana wazoefu huuweka ukanda katika mfuko wake peke yake, na hupaka magurudumu rangi kabla ya kuuvisha. Baadhi ya kampuni, zikitoa upya kalibu ya zamani, huacha mwili kama ulivyo na kuweka mnyororo wa aina mpya. Basi anayetaka kumnunulia mtoto zawadi ya namna hii aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: mnyororo wake ni wa aina gani? Mwuzaji anayejua atajibu mara moja.

Jibu kwa dada yetu, basi, ni kwamba yaelekea ami hakuuziwa bandia. Amenunua kitu cha zamani katika vazi jipya, na mnyororo ulikuwa wa ile aina ya kwanza.

Swali la pili ni zito zaidi, na ili kulijibu inafaa tujue mnyororo huo ulitoka wapi. Haukuzaliwa vitani. Mwaka 1904, huko California, fundi Benjamin Holt aliona mashine zake za kulimia zikizama katika udongo laini. Akaondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mkanda wa vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye mnyororo. Uzito ukatandazwa juu ya eneo kubwa, na mashine ikatembea pale ilipokuwa ikizama. Mwanamke aliyewahi kuvuka matope ya masika kwa kutandika ubao anaijua hikima hiyo. Miaka 12 baadaye, Septemba 1916, vifaru vya kwanza viliingia vitani Ufaransa vikitembea kwa minyororo ya namna hiyohiyo. Chombo cha mkulima kikawa chombo cha askari.

Na safari ya kurudi ilipita kwetu Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalikuwa haba duniani, basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na jeshi huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikaviondolea mizinga na silaha, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilekile ambacho watoto hukiunganisha mezani kililetwa kung'oa vichaka vya Kongwa kwa minyororo yake.

Nia ilikuwa njema, lakini maswali madogo hayakuulizwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na mvua ikikatika hukauka ukawa kama saruji. Majembe yalivunjika, mashine zilichakaa upesi, na vipuri pamoja na karakana za kuzitengeneza havikutosha. Mengi ya matrekta yale ya mtumba yalisimama ndani ya miezi michache. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa takriban pauni milioni 36. Mashine yenye jina kubwa, iliyopakwa rangi mpya, ilishindwa kwa kukosa vitu vidogo. Aliyeona mnyororo wa plastiki ukikatika baada ya kazi ya siku nne ameonja chembe ya somo hilo, naye amelipata kwa bei nafuu zaidi.

Je, kikae nyumbani? Uamuzi ni wa wazazi, na nyumba hazilingani. Nakuru si mji wa kuzungumzia silaha kwa mzaha. Wako akina mama wengi mjini humo na Naivasha wanaoikumbuka Januari 2008, familia zilipokimbia makao yao. Kwa mama kama huyo kifaru juu ya kabati si pambo, na akisema hakitaki, watoto wamheshimu bila ubishi. Lakini ikiwa wazazi wameridhia, rai yangu ni kwamba kisikae bila habari zake. Mtoto aambiwe kuwa ndani ya Sherman waliketi watu watano, kila mmoja na mama yake aliyemngoja. Siku ya nafasi baba amchukue hadi Gilgil, kwenye makaburi ya askari waliokufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, asome miaka ya vijana wale iliyoandikwa kwenye mawe. Kisha amsimulie habari ya Kongwa. Mtoto aliyeyajua haya hatapiga makelele ya mizinga mbele ya wadogo zake. Atakitazama kama kazi ya mikono na kama kumbukumbu.

Yamebaki ya vitendo. Mnyororo uliokatika haujafa. Fundi wake ni yule mwenye sindano. Shona ncha mbili kwa uzi mwembamba mweusi, kisha zungusha mpaka mshono ukae juu, chini ya ubavu wa kifaru, pasipoonekana. Ukitaka mlegeo wa kweli, pitisha uzi mwingine uuvute mnyororo chini katikati ya magurudumu ya juu. Ikiwa ukanda umeharibika kabisa, kata vipande viwili vyembamba katika tyubu kuukuu ya baiskeli. Havitafanana kama vya kiwandani, lakini watoto wetu wanaounda magari ya waya na magurudumu ya soli za champali hawajawahi kushindwa kwa kukosa kiwanda. Minyororo ya kununua peke yake ipo pia. Ila hakikisha kipimo ni kilekile kilichoandikwa kwenye boksi, mfano 1/35 au 1/76, na ujue kuwa pengine bei yake hufikia ya boksi zima.

Kisu cha kukatia na bisibisi ya moto vishikwe na mtu mzima. Vipande vidogo viwekwe mbali na mtoto anayetambaa. Na zaidi ya yote, ichungeni gundi. Gundi ya plastiki ina mvuke mkali unaolevya na kudhuru. Itumike dirisha likiwa wazi, na kazi ikiisha irudi kwa mama, ifungiwe. Tumewaona watoto wa mitaani wenye chupa ya gundi puani, Mombasa na Nakuru pia. Hakuna zawadi inayostahili kufungua mlango huo.

Mwisho, msimmalizie kijana kazi yake. Mwelekezeni, mshikieni uzi, lakini fundo alifunge mwenyewe. Mtoto aliyekwama kwenye mnyororo, akapata njia, akaendelea mpaka mwisho, amejipatia kitu ambacho hakikuwamo ndani ya boksi.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kuhifadhi nafaka isipate fukusi wakati wa masika. Tuandikieni maswali yenu. Wabillahi tawfiq.