Haukujibu, au haukupata?

Wiki iliyopita mama mmoja kijana, mhami, alinifuata akiwa na simu mkononi. Alikuwa ameomba kazi kwa shirika moja lililotafuta watu wa kuhesabu jamaa za wahami. Alingoja siku kumi na mbili. Alipopiga simu ofisini wakamwambia: «Tulikuandikia, haukujibu, nafasi tumempa mwingine.» Tukafungua imeli yake pamoja. Ujumbe ulikuwa humo, kwenye sehemu inayoitwa Spam. Mtihani ulikuwa umepita siku tatu.

Mimi sioni kosa lake. Chujio la imeli ni kama askari wa bariera: hakujui wewe, anaangalia alama tu. Ujumbe unatoka kwa anuani mpya, unapelekwa kwa watu mia tatu mara moja, una kiungo na karatasi iliyoambatishwa, kichwa chake kimeandikwa HARAKA kwa herufi kubwa. Wezi wa mtandao wanaandika vilevile. Basi mkweli na mwizi wanafika bariera wakiwa wamevaa nguo moja, na wote wawili wanasimamishwa.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai watumaji wathibitishe kwamba ujumbe umetoka kwao kweli. Shirika kubwa lina fundi wa kutengeneza hayo. Lakini chama kidogo cha Uvira au Bunia, chenye kompyuta moja, kinaweza kuwa hakijasikia hata habari yake. Tena watu wakichoka na matangazo ya mtumaji na kubonyeza «spam», chujio linajifunza kumkataa, na jirani asiyekuwa na kosa anapata hasara.

Kwa wenye Gmail: bonyeza vile vistari vitatu vya juu, shuka mpaka Spam. Ukikuta ujumbe wa kweli, bonyeza «Non-spam», kisha andika anuani ile kati ya majina yako. Fanya hivyo kila wiki, maana kisichoguswa kinafutika chenyewe kisha siku 30. Kwa Outlook, tafuta «Courrier indésirable». Ukiwa siber, kwenye kompyuta, unaweza kuweka amri kwamba anuani fulani isipelekwe Spam hata siku moja. Programu ya Gmail ya simu haina nafasi hiyo. (Na ukimaliza, toka kwenye akonti. Siku moja nilikuta imeli ya mtu wazi, na barua za hospitali ndani.)

Lakini usifungulie kila mtu. Ruhusu anuani kamili ya shirika unalolijua, si kila kinachoishia na gmail.com. Jina linaloonekana juu mwizi anaweza kuliiga. Na misaada ya HCR ni ya bure: ujumbe ukikuomba pesa ili upate kazi au upelekwe ngambo, uache hukohuko Spam.

Hayo ni ya sisi tunaopokea. Neno langu kubwa ni kwa wanaotuma. Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, jamaa nyingi zilisambaa. Kuna walioacha simu njiani na waliobadilisha laini. Mtu anafungua imeli siku anapopata mega na mahali pa kuchaji. Namna gani mumpe siku mbili za kujibu, kisha muandike kwamba amekataa?

Kabla ya kutuma, bandikeni anuani yenu ukutani, pale watu wanapoandikishwa, ili waiweke kwenye simu mapema. Mtume pia SMS fupi: «Tumekuandikia imeli, angalia na Spam.» Asipojibu, mpigie. Hapatikani, ulizeni prezida wa kamati ya wahami, yeye anajua nani alikwenda wapi. Watanijibu kwamba ni gharama. SMS mia tatu ni gharama ndogo kuliko kuanza upya kutafuta wafanyakazi, na kuliko kumpa kazi yule tu mwenye intaneti nyumbani.

Yule mama aliwaandikia tena, akaweka picha ya ujumbe pamoja na tarehe yake. Wamemwambia watamwita kukiwa na duru nyingine. Safari hii anuani yao ameiandika kwenye simu, na namba ya dada yake amewaachia pia.