Kazi ya kikundi: Wiki itawaumbua wanaobebwa

Komredi, hii unaijua vizuri. Mhadhiri anatoa kazi ya kikundi, mko wanane. Wawili wanakesha wakiandika, mmoja anachanga pesa za kuchapisha, watano wanajitokeza siku ya mwisho kuongeza majina na nambari za usajili. Alama zikitoka, mnalingana nyote. Haki iko wapi hapo?

Dawa yake si ngeni. Mwaka wa 1995, Mmarekani Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo wasomaji wenyewe wangeweza kuihariri. Akaiita wiki, kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Si hii wiki yetu ya siku saba. Wikipedia ilizaliwa 2001, na ya Kiswahili ikafuata 2003.

Siri ya wiki ni historia ya ukurasa. Kila badiliko huhifadhiwa: nani aliandika, saa ngapi, na alifuta nini. Mhadhiri akiifungua anaona nani alibeba mzigo na nani alibebwa. Hata ukibandika aya tano za akili unde usiku wa manane, zitaonekana zimetua kwa mpigo mmoja, na utaulizwa ulizitoa wapi.

Blogu nayo ni ya mtu binafsi. Ukiandika kila wiki ulichoelewa na kilichokutatiza, mhadhiri atajua umekwama wapi kabla mtihani haujakuanika.

Usidhani ni lazima chuo kinunue mtambo mpya. Moodle, ambayo vyuo vingi hutumia, ina wiki ndani yake. Shida ni kwamba mara nyingi tunaingia humo kuchukua noti na kupakia kazi, basi.

Lakini zawadi pekee hazitoshi. Mwishoni mwa 2009, Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka kwa mamia. Shindano lilipokwisha, waandishi wengi waliyoyoma. Funzo? Uandishi huu uwe sehemu ya kozi, wenye alama zake, la sivyo utakufa pamoja na zawadi.

Tusidanganyane pia. Kuna komredi asiye na bando, na mwingine mwenye kabambe tu. Historia ya ukurasa haimwoni aliyezunguka mtaani akihoji watu huku mwenzake akichapa. Kwa hivyo kompyuta za maktaba ziwe wazi hadi usiku, na kikundi kitaje mapema kila mtu atafanya nini. Na ukurasa ubaki wa darasa hadi wenyewe wakubali uonwe na umma; mwanafunzi ana haki ya kukosea bila kuchekwa na nchi nzima.

Muhula ujao, kabla vikundi havijagawanywa, mtumeni kiongozi wa darasa kwa mhadhiri na ombi hili. Atakayelipinga kwa sauti kubwa zaidi, mwangalieni vizuri. Huenda ni abiria.