Kanzu Haiulizwi Kitambulisho

Nimeiangalia tena We're No Angels, ile ya 1989, ya Robert De Niro na Sean Penn. (Ipo na ya 1955 ya Humphrey Bogart, lakini wafungwa wa kule hawageuki mapadre.) Ned na Jim wanatoroka jela mwaka 1935, wanatokea kwenye kamji ka mpakani. Ng'ambo ya daraja ni Kanada, na darajani kuna askari. Wenyeji wanawadhania ni mapadre wasomi waliokuwa wakisubiriwa monasterini. Basi, wanavalishwa, wanalishwa, wanaamkiwa kwa heshima. Hakuna anayeuliza kitambulisho.

Wengi huiponda filamu hii. De Niro anakunja sura mno, wanasema, na kweli anakunja. Mimi nitaitetea kwa sababu ya mahubiri ya Jim. Anasukumwa kuhubiri, hana neno hata moja. Mfukoni ana kikaratasi cha tangazo la bastola, anaanzia hapo hapo, halafu anakiacha na kusema yaliyomjaa moyoni: hofu, upweke. Watu wanaguswa. Mtawa kijana (John C. Reilly huyo, bado hajavuma) ameshamwona mtakatifu.

Nusu ya mahubiri ni ya wanaosikiliza, jamani! Jim katoa maneno tu, maana wameitia wao.

Hapo ndipo kicheko kinanikauka. Shakahola, kule Kilifi, 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walionusurika walieleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Nao walimsikiliza mhubiri kwa moyo ule ule wa watu wa kamji kale. Tofauti ni kwamba David Mamet, aliyeandika filamu, aliwapa wale wa kwake tapeli asiye na ubaya. Msituni hakuna mwandishi wa kukuchagulia.

Na tusiwacheke waumini peke yao. Mimi navaa kitambulisho cha uandishi shingoni. Mlinzi wa umri wa baba yangu hukiona kamba tu, ananiita "bosi", anafungua geti. Hajawahi kukisoma.

Mwisho Ned anavuka mpaka, Jim anabaki na watawa. Rafiki yangu anashikilia kuwa Jim ni tapeli mpaka dakika ya mwisho. Mimi nasema pale ameshakuwa mtawa kweli, kilichokosekana ni makaratasi. Nyie mnaonaje?